Tiki ya simu si ushahidi

Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwenye ofisi za mawakala wa forodha, ukishasikia "gari imefika" kinachofuata ni "boss, nimeshapandisha." Dereva amepiga picha za invoisi na orodha ya mzigo, kijana wa ofisini amezitupa kwenye hifadhi ya wingu, yaani ghala la mtandaoni, na muda si mrefu ameshazifuta kwenye simu kwa sababu memori imejaa. Muulize kama kweli zimehifadhiwa, atakuonyesha simu ileile. Faili hilo hapo, jina linaonekana, tiki ipo. Unataka nini tena?

Nataka shahidi mwingine. Simu iliyotuma haiwezi kujitolea ushahidi yenyewe.

Sisemi hivyo kwa ubishi. Programu nyingi za hifadhi hukuonyesha faili papo hapo, hata kama bado limelala kwenye kifaa chako. Google Drive ya simu, hifadhi ya wingu ya Google, kwa mfano, ina mpangilio wa kupandisha mafaili kwa waifai peke yake. Ukiwa umewashwa, nawe unaishi kwa bando kama wengi wetu, faili linakaa foleni likisubiri waifai ambayo hapa mpakani huenda usiione leo wala kesho. Wakati huo wewe umeshamwambia mteja mambo yako sawa.

Kwenye kompyuta hali ni hiyohiyo. Ukiliweka faili kwenye folda ya Drive, linatokea mara moja, lakini kutokea si kupanda. Novemba 2023 baadhi ya watumiaji wa programu ya Drive ya kompyuta, toleo la 84, walikuta mafaili yao hayapo. Google ikawaambia wasitenganishe akaunti zao na programu ile, na wasifute folda ya data yake kwenye kompyuta. Ushauri huo unajieleza: kama kulikuwa na cha kuokoa, kilikuwa bado kiko kwenye mashine ya mwenyewe, huku yeye akiamini kiko mawinguni zamani.

Halafu kuna suala la akaunti mbili, ambalo nadhani linapoteza nyaraka nyingi kuliko mtandao mbovu. Simu ya kijana ina akaunti yake na ya ofisi. Faili limepanda vizuri kabisa, tiki ni ya kweli, ila limeingia kwake. Siku akiacha kazi, anaondoka nalo bila hata kujua. Au akaunti ya bure imejaa: zile GB 15 za Google zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, na picha za harusi ya shangazi zikishazimaliza, invoisi haipati pa kuingia. Na mtandao wenyewe? Aliyekuwa Uganda Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, hahitaji somo langu.

Kwa hiyo ninapotaka uhakika natumia mashine nyingine. Nafungua kivinjari katika dirisha la faragha, naingia kwa akaunti ya ofisi, nalifungua faili lenyewe na kushuka hadi ukurasa wa mwisho, maana hapo ndipo mihuri na sahihi hukaa, na ndipo skani ya haraka hukatika. Naangalia na ukubwa: likiwa MB 4 kwenye simu na KB 300 kule, kuna kitu kimelibana njiani. Wenye mafaili mengi wana njia ya haraka zaidi. Drive huhifadhi alama ya MD5 ya kila faili lililopandishwa, herufi na tarakimu 32 zinazotokana na yaliyomo, na programu kama rclone huzilinganisha na zile za nakala yako. Picha ikibadilika hata kidogo, alama haziwiani.

Mwenzangu mmoja huniambia huu ni woga wa mzee. Lakini sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu ofisa kudai nyaraka za mzigo hadi miaka 5 baada ya kuingizwa. Miaka 5! Simu ile itakuwa imeshauzwa, na kijana yuko Juba.

Hoja yake ya pili naikubali: kulifungua faili tena kunakula data, na data yetu hapa Uganda imebeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Basi ofisi ilipe. Ukimwachia kijana ahakikishe kwa bando lake, hatahakikisha, nami sitamlaumu.

Wenye programu nao wangetupunguzia kazi. Badala ya kialama kidogo ambacho nusu ya watu hawajui maana yake, waandike kwa herufi kubwa: "Bado liko kwenye simu hii tu." Wasiseme skrini haina nafasi, kwa maana nafasi ya kutuuzia GB zaidi hawajawahi kuikosa.