Kivuko cha Paraa kimestaafu: nani sasa atahesabu magari?

Kwa miaka mingi, aliyetaka kuwaona twiga na simba wa Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls akitokea Masindi, upande wa kusini, alilazimika kwanza kusubiri kivuko. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1952 na ambayo ndiyo kubwa kuliko zote Uganda kwa takriban kilomita za mraba 3,840, imekatwa na Mto Nile, na wanyama wengi wanaofuatwa na watalii wako ng'ambo ya kaskazini, kwenye nyika ya Buligi inayoshuka hadi Ziwa Albert. Kivuko cha Paraa kilibeba magari machache kwa safari moja, kwa saa zilizopangwa. Wenye haraka waliamka gizani na kupanga foleni kwenye mteremko wa mto, injini zikiwa zimezimwa, huku nyani wakikagua madirisha yaliyosahauliwa wazi. Ilikuwa kero, lakini bila mtu kukusudia ilikuwa pia kipimo, kwa sababu magari yaliyovuka kutoka kusini yalihesabika moja baada ya jingine.

Sasa kuna daraja na lami, vilivyokuja pamoja na barabara za kuhudumia mafuta ya bonde la Ziwa Albert. Hakuna anayekililia kivuko, nami sikililii. Hata hivyo foleni haikufa, ilihama tu. Siku za Pasaka na Desemba utaikuta kwenye maegesho ya juu ya maporomoko, ambako mabasi ya wanafunzi hugeuza kwa shida kati ya magari madogo yaliyoachwa popote penye kivuli. Utaikuta pia Buligi. Asubuhi moja nilihesabu magari 14 yamezingira mti mmoja wenye chui. Kila dereva alikuwa ameitwa na mwenzake kwa simu, na gari la nyuma kabisa lilikuwa limepanda majani ili abiria wake waone angalau mkia. Chui alishuka upande usio na gari na kutokomea vichakani, na waliobaki wakaanza kulaumiana nani aliwasha injini.

Wanaotaka idadi ya magari iwekewe ukomo wana mfano wa nyumbani. Katika msitu wa Bwindi, familia moja ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa muda wa saa moja, na kibali hununuliwa mapema. Hakuna anayeona ajabu kukosa nafasi. Hoja yao ni kwamba chui naye huchoka kukodolewa macho, na kwamba mgeni aliyesafiri kutwa nzima kutoka Kampala hakuja kutazama migongo ya magari.

Mfano huo una nguvu, ila haulingani na nyika. Msitu wa Bwindi huingiwa kwa miguu, nyuma ya askari wa wanyamapori, wakati Murchison ina malango kadhaa, likiwemo Tangi karibu na Pakwach, ambalo hata enzi za kivuko liliingiza magari moja kwa moja upande wa kaskazini. Marekani imejaribu njia nyingine. Hifadhi ya Zion imekuwa ikiwasafirisha wageni kwa mabasi ndani ya bonde lake tangu mwaka 2000 katika miezi ya msongamano, na Arches ilianza mwaka 2022 kutaka watu waweke nafasi ya saa ya kuingia. Lakini Zion ina barabara moja ya bondeni, na waliokuwa wakiweka nafasi Arches walikuwa na intaneti na kadi ya benki mfukoni.

Hapo ndipo upande wa pili, wa wasiotaka ukomo, unaponigusa. Mfumo wa kuweka nafasi ukianza kesho, kampuni kubwa zitanunua saa nzuri za miezi mitatu mbele, na mwalimu wa Gulu anayekodi basi wiki moja kabla ya safari ataambiwa kumejaa. Tena asilimia 20 ya ada za kiingilio hurudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi, kwa hiyo kupunguza magari langoni kunaweza kumpunguzia kitu mtu wa wilaya jirani za Nwoya au Buliisa ambaye tembo humlia mihogo bila kuweka nafasi.

Ndiyo maana swali la nani aulizwe kabla ya kuweka ukomo ni zito kuliko swali la idadi. Kuuliza umma kuhusu hifadhi hii si jambo geni. Mwaka 2018 vikao vya hadhara kuhusu mradi wa mafuta wa Tilenga vilifanyika Buliisa na Nwoya. Mwaka 2019 mdhibiti wa umeme alipotangaza kwamba kampuni moja inaomba leseni ya bwawa kwenye maporomoko ya Uhuru, yale yaliyozaliwa na mafuriko ya mwaka wa uhuru wenyewe, 1962, na kukaribisha maoni, kelele zilikuwa kubwa hadi Baraza la Mawaziri likalikataa ombi hilo, ingawa baadaye serikali iliruhusu upembuzi yakinifu. Watu walijibu kwa sababu waliulizwa jambo linaloeleweka: bwawa au maporomoko. Ukiwauliza kama wanaunga mkono "usimamizi endelevu wa wageni", watakubali wote na hutakuwa umejua lolote.

Mimi ningeanza na madereva-waongozaji, kwa kuwa ndio wanaopigiana simu chui akionekana, na bahasha ya asante jioni hutegemea wamemkaribia kiasi gani. Waulizwe: magari mangapi kwa mnyama mmoja, dakika ngapi, na nani ampishe nani? Wenyeji waulizwe kwa Kialur, Kiacholi na Kinyoro, au kwa Kiswahili pale lugha hizo zinapokutana sokoni, na si kwa waraka wa Kiingereza uliobandikwa ofisini. Lango liachwe wazi kwanza. Ukomo uwekwe pale msongamano unapoumiza, yaani kwenye mti wa chui na kwenye maegesho ya maporomoko, ambako mabasi yanaweza kupewa saa zao na magari madogo saa nyingine. Askari wawili na kamba vinatosha kulijaribu hilo Pasaka ijayo, na waliofungiwa nje ya kamba waulizwe papo hapo wameonaje.