Ordonka hakwenda Bombay kurekodi

Ukipanda daladala ya Usa River siku ya soko ukashuka Tengeru, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Unakwenda sokoni, basi. Mimi nilipomwambia konda naenda kwenye makaburi ya Wapolandi alinitazama kidogo, kisha akasema, "Aaa, ya Wazungu." Yapo ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kama 150 hivi, ya saruji, yamepangwa kwa mistari. Mengi yana msalaba, machache yana nyota ya Daudi. Kuanzia mwaka 1942 Wapolandi wapatao 5,000 waliishi hapo kwenye kambi ya wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto. Nilirudi nyumbani nikitaka kujua walifikaje huku kwa Wameru, na katika kusomasoma nikakutana na Hanka Ordonówna, mwimbaji wa Kipolandi.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1902, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Jina lake halisi ni Maria Anna Pietruszyńska, jina linalonukia jikoni, maana pietruszka kwa Kipolandi ni yale majani ya kutilia supu. Jukwaani akawa Ordonówna, na mashabiki wakalifupisha: Ordonka. Alifunzwa baleti utotoni, akaingia kwenye kabareti, yale maonyesho ya nyimbo na vichekesho, na kabareti ya Qui Pro Quo ndiyo iliyomtoa. Pale alikutana na Fryderyk Járosy, msanii mwenye asili ya Hungaria, aliyemnoa namna ya kusimama, ya kunyamaza, ya kutumia mikono. Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Sikiliza rekodi zake: anaimba karibu kwa kunong'ona, na kila neno analiachia taratibu kama mtu anayekuhesabia chenji mkononi.

Mwaka 1931 aliolewa na Michał Tyszkiewicz, mtu wa ukoo wa kikabaila. Mwaka 1933 akacheza filamu ya Szpieg w masce, na humo akaimba wimbo ambao Wapolandi wanao midomoni hadi leo. Muziki ni wa Henryk Wars, maneno ya Julian Tuwim, na jina lake maana yake ni kwamba mapenzi yatakusamehe yote. Waandishi wengi wa maisha yake hupenda kukaa hapa: magauni, wapenzi, manyoya, safari za kuimba Paris na kwingineko. Miaka ya baadaye wanaipitia mbio, kama vile vita vilimkatizia kazi. Mimi naona wamegeuza kitabu juu chini. Kazi kubwa ya Ordonka ughaibuni ilianza pale asipokuwa na jukwaa.

Wajerumani walipoiteka Warsaw, Gestapo, polisi wao wa siri, walimfunga kwenye gereza la Pawiak. Mumewe akahangaika hadi akamtoa, wakakimbilia Vilnius. Huko nako wakaangukia mikononi mwa Wasovieti. Mume akakamatwa, na mke, ambaye kifua kikuu kilikuwa kinamla, akapelekwa Uzbekistan kufanya kazi za kulazimishwa. Mamia kwa maelfu ya Wapolandi walikuwa wamekwisha kusombwa hivyohivyo kwa mabehewa, kwenda Siberia, Kazakhstan na kwingineko. Kisha Hitler akaivamia Urusi, na Julai 1941 Moscow ikatia saini mapatano na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Wafungwa wakatangaziwa msamaha. Neno lililotumika ni hilohilo, msamaha. Watu waliotolewa vitandani usiku wakiwa na watoto wao sasa walikuwa wamesamehewa, na sijui ni kosa gani, labda la kuwa Wapolandi. Huwa najiuliza kama Ordonka alipolisikia tangazo hilo aliukumbuka wimbo wake.

Waliosamehewa walimiminika kusini kulifuata jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders lililokuwa likiundwa huko. Njiani watu walikufa kwa taifodi na njaa, watoto wakabaki hawana wa kuwashika mkono. Ordonka alianza kuwakusanya hao. Kituo cha yatima, chakula, vibali, usafiri: kazi za kuomba na kuomba tena kwa maofisa waliochoka. Nadhani hapa ndipo shule ya Járosy ilipomfaa. Mtu aliyezoea kuutuliza ukumbi uliojaa walevi kwa sauti ndogo hashindwi kumkalisha kitako ofisa mmoja mwenye mihuri.

Mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000 walivuka kutoka Urusi kuingia Iran, wanajeshi na raia. Henryk Wars, yule mtunzi, alitoka na jeshi hilo, akaishia Marekani. Raia walitawanywa. Maelfu walishushwa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ndio wale wa Tengeru, wa Ifunda na Kidugala, na Uganda wale wa Masindi na Koja. Njia ya Ordonka haikuja huku. Yeye alikwenda na kundi la watoto Uhindi, hadi Bombay.

Na Bombay, kwetu sisi tuliokulia kwenye taarabu, ina mtu wake. Siti binti Saad alikwenda huko mwaka 1928 kurekodi santuri, akarudi Unguja akiwa Siti wa Afrika Mashariki nzima. Miaka 14 baadaye, mwimbaji mwingine mkubwa anashuka mji uleule akiwa na yatima, na mapafu yamekwisha kuharibika. Siwalinganishi, kila mmoja na bahari yake. Ila wote wawili walifariki mwaka uleule, 1950, Siti mwezi Julai, Ordonka Septemba.

Alifia Beirut, alikokuwa akiishi na mumewe walipokutana tena. Huko, mwaka 1948, alichapisha kitabu juu ya watoto wale, Tułacze dzieci, yaani watoto wa kutangatanga. Nilipokiona kwenye orodha ya vitabu vyake nilidhani nimekosea, maana kwenye jalada jina la mwandishi ni Weronika Hort. Ni yeye. Mtu aliyelitupa jina la babake ili ang'are jukwaani, aliyekuwa akijaza kumbi kwa neno moja tu, Ordonka, alipofika kwenye jambo hili aliliweka pembeni hata hilo. Angetia jina lake kingeuzika zaidi, hilo hakuna asiyelijua, na pesa ilikuwa ya shida. Kwangu mimi hiyo inazidi filamu zote.

Mwaka 1990 mabaki yake yalichukuliwa Beirut yakazikwa upya Warsaw, kwenye makaburi ya Powązki wanakolala wakubwa wao. Wa Tengeru wako palepale. Nilirudi mwezi uliopita, nikasimama kwenye kaburi dogo, la urefu wa mkono na nusu hivi, nikafungua simu nikauweka ule wimbo, sauti chini. Kijana aliyekuwa akifyeka majani alisimama na panga lake akasikiliza mpaka mwisho. "Ni lugha gani hiyo?" akauliza. Nikamwambia ni yao. Akatazama mistari ya makaburi, akasema, "Basi rudia, mzee."