Majeruhi wa Barabarani: Tumbebe au Tusubiri Ambulensi?

Ajali ikitokea Miritini au Jomvu, hapa Mombasa, mara nyingi majeruhi hupakiwa kwenye tuktuk kabla polisi hawajafika. Wahudumu wa afya hulalamikia haraka hiyo, na wana haki. Aliyevunjika uti wa mgongo akikunjwa kwenye kiti cha nyuma, kichwa kikining'inia huku na miguu kule, anaweza kupooza maisha yake yote.

Wanaobeba nao wana hoja, na kwangu mimi ndiyo nzito zaidi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache, na ambulensi ingali nyuma ya foleni ya malori Changamwe. Majeruhi wa Likoni akipelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi twaita Makadara, kuna feri ya kuvuka au mzunguko wa barabara ya Dongo Kundu. Ukimwambia mtu wa bodaboda asimguse majeruhi, mwambie pia msaada utafika saa ngapi.

Hata hivyo, ubishi huu watusahaulisha yanayoweza kufanywa papo hapo. Leso ikikunjwa, ikakandamizwa kwa nguvu juu ya jeraha bila kuinuliwa kila mara kuchungulia, yaweza kuzuia damu nyingi. Asiyejitambua lakini anapumua hulazwa ubavu, kichwa na kiwiliwili vikigeuzwa pamoja, asije akasongwa na matapishi. Vijana wa steji, kituo cha bodaboda na tuktuk, ndio hufika mwanzo. Wafunzwe hayo na wapewe glavu.

Kuna na hofu: mpita njia huogopa kusingiziwa kuwa ndiye aliyegonga, au kudaiwa gharama za matibabu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43(2), yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 nayo imeihesabu huduma ya kabla ya hospitali kuwa sehemu ya matibabu hayo. Basi ambulensi ni haki ya majeruhi, na serikali haiwezi kuwaachia wenye tuktuk kazi hiyo kisha iwalaumu kwa kuifanya vibaya.

Wasioyataka mafunzo ya steji husema elimu ya siku mbili itawapa watu ujasiri wa hatari: watavuta helmeti kichwani kwa nguvu, watamnywesha maji aliyezimia. Lakini hayo yafanyika sasa hivi, na hakuna aliyefunzwa.