Anza na giligilani, garam masala itasubiri

Kila anayeniuliza namna ya kujisagia viungo vya mapishi ya Kihindi huanza na swali lile lile: garam masala inatiwa nini na nini? Namwambia aiache kwanza. Atafute mbegu za giligilani, dania kama wengine mnavyoziita, gramu 100 tu. Azikaange bila mafuta, azisage, kisha apike mchuzi wake wa siku zote bila kubadili kitu kingine chochote. Harufu itamjibu kabla sufuria haijachemka.

Sababu yangu ni vipimo. Mchuzi wa kaskazini mwa India wa kutosha watu wanne huchukua kama nusu kijiko cha chai cha garam masala, tena mara nyingi hunyunyizwa mwishoni. Giligilani ya unga huingia vijiko viwili, hata vitatu, na ndiyo inayoushika mchuzi, maana ule unga wa maganda hunywa maji. Basi kiungo kinachoingia kwa wingi hivyo ndicho tunachokidharau. Harufu yake inatokana na mafuta mepesi yanayoruka upesi hewani. Mbegu ikiwa nzima, ganda linayahifadhi. Ikishasagwa, hayana pa kujificha. Unga uliokaa miezi mingi kwenye pakiti bado utaupa mchuzi rangi na uzito, lakini ukiusogeza puani unasikia majani makavu. Nilipika nao kwa miaka. Nikiona chakula kimepooza nilizidisha pilipili na garam masala, na ule ukali unaobaki kooni nikadhani ndiyo ladha yenyewe ya Kihindi. Haikuwa hivyo, na ndiyo maana jambo hili linanigusa: yapo mapishi mazuri ambayo watu wameyakataa kwa kosa la unga uliochoka.

Kwenye kikaango ndipo kazi ilipo. Moto uwe mdogo, na kila mbegu iingie peke yake. Wengi humimina vyote pamoja ili kuokoa dakika tano. Bizari nyembamba ni ndogo, inaiva na kuanza kuungua wakati giligilani bado haijapata joto ndani. Uwatu nao hauna msamaha: ukishavuka rangi ya dhahabu unakuwa mchungu, na hakuna nyanya wala sukari itakayouondoa uchungu huo. Usingoje moshi. Ngoja harufu ibadilike, ile ya ubichi, yenye kitu cha ndimu, igeuke kuwa ya karanga, na mbegu ziwe nyeusi kidogo tu kuliko zilivyokuwa. Hapo mimina kwenye sahani papo hapo, kwa sababu kikaango kinaendelea kukaanga hata kikiwa kimeepuliwa. Kisha subiri zipoe kabisa. Mbegu zenye joto zikisagwa hutoa mvuke, mvuke unageuka maji ndani ya mashine, na unga unashikana mabonge ambayo hayatunziki. Kungumanga na basibasi mimi siziweki motoni hata kidogo.

Kinu na mchi vinatosha. Mashine ya kusagia kahawa ni nyepesi zaidi, ila iwashe na kuzima, iwashe na kuzima, isije ikapata moto ikaanza kuiba harufu uliyoihangaikia.

Ukishazoea, jozi inayofuata ni giligilani pamoja na bizari nyembamba. Gujarat wanayo tayari, wanaiita dhana jiru, na giligilani ndiyo inayozidi. Baada ya hapo utaanza kuona jinsi India ilivyo nchi nyingi ndani ya chupa za viungo. Garam masala ya Kibengali inaweza kuwa iliki, mdalasini na karafuu, basi. Goda masala ya Maharashtra ina nazi kavu na ufuta. Ukienda Tamil Nadu, unga wa sambar, ule mchuzi wao wa mbaazi na mboga, unasagwa na dengu na mbaazi zilizokaangwa, ndizo zinazoupa mchuzi uzito, pamoja na mvuje. Hakuna unga mmoja unaoweza kusimama badala ya vyote hivi. Ule unaouzwa kwa jina la kari ulikuzwa na biashara ya Waingereza. Kufikia 1784 duka la London lilikuwa likiutangaza gazetini. Sina ugomvi na anayeupenda. Ninachosema ni kwamba ukipikia unga huo peke yake, sambar na mchuzi wa kuku wa Punjab vitafanana, na havipaswi kufanana.

Wapo watakaosema hata Wahindi wenyewe hawasagi kila siku. Ni kweli. Mumbai, eneo la Lalbaug, kuna mtaa mzima wa viungo ambako kabla ya masika familia hununua pilipili kavu na viungo, vikakaangwa na kutwangwa kwa mashine hapo hapo, akiba ya mwaka. Vipande vya mvuje hutiwa ndani ya chupa kuzuia wadudu. Lakini tazameni ni kitu gani kinachosagwa kwa wingi hivyo: mchanganyiko ambao pilipili ndiyo kubwa, na ukali wa pilipili hauruki hewani kama harufu ya giligilani. Pilipili nami huisaga kwa chupa kubwa. Ile ya Byadagi ya Karnataka, yenye mikunjo, kwa ajili ya rangi. Ya Guntur nikitaka moto.

Manjano siyasagi. Mizizi yake huchemshwa, ikakaushwa mpaka ikawa migumu kama jiwe, na mashine ya nyumbani itavunjika kabla yake. Najua wengi wanataka kuyasaga kwa hofu ya kuchakachuliwa, na hofu hiyo ina msingi: mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa manjano huko Bangladesh yalitiwa rangi yenye risasi, ile madini ya sumu. Ila rangi hiyo ilipakwa kwenye mizizi mizima wakati wa kuing'arisha. Kwa hiyo kununua mzizi badala ya unga kusingemwokoa mtu. Ukiona mzizi unang'aa njano kali kwa nje, na vidole vikabaki na rangi hiyo hiyo, uache ulipo.

Kwa giligilani hakuna fumbo la namna hiyo. Chagua mbegu za Kihindi, zenye umbo la yai na rangi iliyofifia kidogo kuliko zile za duara. Saga za kutosha wiki tatu, tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, na uiweke kabatini, mbali na jiko na mwanga. Yangu huisha kabla haijachoka. Garam masala nilianza kuisaga mwaka wa pili, iliki chache na karafuu mbili kwenye kinu, kiasi cha sufuria moja, wakati mchuzi uko tayari kuepuliwa.