Imbwa yetu inatembea ku mashini, mucheke kwanza

Video ya imbwa yangu inatembea ku mashini ya kukimbilia mumeiona, najua. Dada yangu alituma mu grupe ya familia tu, kiisha mutu akaitoa pale, na sasa batu ya Kadutu, kwetu Bukavu, Congo, benye sijaonana nao tangu sekondari bananitumia audio ya kucheka, dakika mbili nzima bila neno moja. Basi nijibu hapa mara moja. Ndiyo, ile ni imbwa yangu. Ndiyo, ile ni tapi ya kukimbilia, mashini yenye mukanda unazunguka chini ya miguu, ya batu, nilinunua okazio. Na ule mwenye anashika kipande cha sosisi mbele ya pua ya imbwa ni binti yangu wa miaka 11. Mucheke mumalize, kiisha tuongee.

Batu bengi nyumbani bakisikia baridi ya Winnipeg, huku Canada, banafikiria Bukavu mwezi wa saba saa kumi na moja asubuhi, pale unavaa pulovere unateremuka Nyawera. Apana. Huku mwezi wa kwanza kuna siku inashuka minus 30, manyoya ya pua inaganda, kope zinashikana, na mu barabara banamwaga chumvi na muchanga juu ya barafu, ile chumvi inaunguza nyayo za imbwa. Yetu iko na kilo 6, manyoya mafupi. Ukifungua mulango inatoa kichwa, inainua muguu mumoja, inainua wa pili, kiisha inageuka kuniangalia kama mutu mwenye nilimukopa pesa tangu Noeli.

Ni Jack Russell. Ile mbegu bangereza baliitengeneza juu ya kufukuza mbweha mpaka ndani ya mashimo, njo mana ukiifungia nyumbani siku tano bila kukimbia inajitafutia kazi yenyewe. Yetu ilichagua kazi ya viatu. Ilikula ya kushoto tu, pea tatu tofauti, sijue kwa nini ya kushoto. Jina yake ni Sambaza, binti yangu njo aliipa, juu ni kadogo na hakatulii, na kusema kweli ile jina iliniingia, juu hata sambaza mwenyewe, ile samaki ndogo tunakula Bukavu, si wa ziwa Kivu, balimutosha Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 bakamumwaga kwetu, leo nani anaweza kumuambia mutu wa Bukavu kama sambaza ni mugeni?

Turudi ku mashini. Kuifundisha ilichukua karibu wiki ine, na akili haikuwa yangu, ilikuwa ya daktari wa banyama. Kwanza alisikiliza moyo yake, akauliza iko na miaka ngapi (iko na mbili), akasema ingekuwa katoto, mifupa ingali inakomaa, angekataa. Wiki ya kwanza mashini haikuwashwa hata mara moja. Tulikuwa tunaweka sahani ya chakula juu ya mukanda, imbwa inapanda, inakula, inashuka, basi. Kiisha tukaanza kuiwasha bila kitu juu, imbwa ikiwa kule mwisho wa chumba, juu kinachotisha kwanza ni ile kelele, kutembea ni baadaye. Kila ikitega sikio bila kukimbia, inapata kanyama. Siku ya kuipandisha yenyewe tuliweka mwendo wa chini kabisa, 0,8 km kwa saa, mama yangu akitoka misa anatembea haraka kuliko vile, binti mbele na sosisi, mimi pembeni nimeshika ule mukanda wa kifua, si kola ya shingo, juu ikiteleza na kola itajinyonga. Sekunde makumi tatu, tunazima, tunaishangilia kama vile imepita Egzeta, ule mutihani wa kumaliza sekondari.

Kosa nilifanya moja. Nilikuwa nimesukuma mashini karibu na ukuta juu ya kupata nafasi, siku moja telefone ikalia nikageuka, mukanda ukarudisha imbwa nyuma ikabanwa kati ya mashini na ukuta. Haikuumia, lakini siku tatu ilikuwa inazunguka chumba chote juu isipite pale, tukarudia mwanzo na sahani. Leo nyuma ya mashini ni wazi kabisa. Na kamba usiifunge ku mashini hata kama mukono umechoka, na usiache imbwa peke yake pale juu, hata dakika ya kuangalia nyungu.

Sasa inafanya 4 km kwa saa, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, inaanza polepole inamaliza polepole. Tunaangalia ulimi, juu imbwa haitoke jasho kama sisi, inapoza mwili kwa kuhema, jasho ni kidogo tu ku nyayo. Ulimi ikirefuka sana, tunazima. Viatu vimepona.

Sasa bale benye bananiandikia "kwetu imbwa iko huru, inajitembeza yenyewe, nyinyi mulienda kufungwa na bazungu." Huru ya wapi? Imbwa ya kwetu, Simba (imbwa yote ya avenyu ilikuwa Simba ao Bobi), papa alikuwa anaifunga nyuma ya nyumba na sheni ya metre mbili, kutoka asubuhi mpaka saa tatu ya usiku, kiisha banaifungulia ichunge parseli. Mvua ikinyesha, iko pale. Chakula ni bugali ya kubakia na vichwa vya ndagala. Pale ilikuwa inafungwa chini kulikuwa duara, ardhi ilikuwa imekauka ngumu kama simenti, nyasi haikuota kamwe, juu Simba ilikuwa inazunguka pale siku nzima. Ile haikuwa mashini? Iliponyoka mara moja, batoto ba avenyu yote balipanda ku ukuta, na balikuwa na haki, juu ugonjwa wa imbwa yenye wazimu ukishaanza kuonekana ndani ya mutu hakuna dawa, na nani kwetu alikuwa anapeleka Simba kuchanjwa? Tuseme ukweli basi. Ku lango tuliandika "chien méchant" na tukaifanya iwe mubaya kweli.

Lakini sitawapa bazungu pointi yote. Daktari mwenyewe aliniambia kitu kimoja kimebaki mu kichwa: mashini inapa miguu kazi, pua haipati kitu. Imbwa ikitembea inje inasoma barabara kwa pua, nani alipita, nani alikojoa, nani alianguka na samaki. Ku tapi inatembea kilometre yote mahali pamoja na harufu ni ile ile, mpira na sabuni ya nguo. Kwa hiyo hata na minus 20 tunaivalisha viatu vyake vine (ndiyo, viko, cheka tena) tunatoka dakika tano inuse nguzo mbili tatu. Simba na sheni yake hakuwa na miguu lakini pua yake ilikuwa inakula: makala, sombe ya jirani, mbuzi inapita. Nikiwalinganisha, sijue ningechagua kuwa nani.

Mimi mwenyewe sina tofauti sana na Sambaza. Nafanya kazi ku nyumba ya bazee, natoka mu bisi naingia mu asanseri, narudi vile vile. Kwa miaka mingi nilikuwa napanda na kushuka Kadutu kila siku, udongo mwekundu mpaka ku magoti ikinyesha, na hakuna mutu alisema nafanya spor. Sasa imbwa ikishuka, mimi napanda. Dakika makumi mbili. Na kama nimechoka nafunga macho kidogo natafuta ile harufu ya mikate inachomwa mafuta asubuhi pale chini ya soko, haikuje, kunakuja sabuni ya nguo.

Mama alipiga simu juzi, alikuwa ameona video kwa jirani. Nikamuelezea yote, baridi, mbweha, daktari. Nikaongeza kitu binti yangu alisoma, kwamba zamani Uingereza mu jikoni za matajiri kulikuwa imbwa ndogo za miguu mifupi, zilikuwa zinakimbia ndani ya gurudumu iliyofungwa ku ukuta ili nyama izunguke polepole juu ya moto, kwa hiyo imbwa ku mashini haikuanza na mimi. Akanyamaza. Nikafikiri laini imekata.

"Ile ya zamani ilikuwa inachoma nyama," akasema. "Hii yako inachoma umeme, na nyama inakula."