Maji ya Shela: kuchota ni jambo moja, kujenga ni jingine

Kisiwa cha Lamu hakina mto. Maji yake matamu yako chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako mvua ya masika hupenya upesi na kukaa juu ya maji ya chumvi yanayoingia ardhini kutoka baharini. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo, kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari huendana na takriban mita 40 zilizo chini yake. Hesabu hiyo hupendeza mpaka isomwe kinyumenyume: maji yakishuka mita 1 kwa kuchotwa, mpaka wa chumvi nao, muda ukipita, hupanda takriban mita 40.

Vilima hivyo vimehifadhiwa kisheria, lakini ubishi juu ya viwanja haujaisha. Wanaotaka kujenga husema kwamba wageni wanaovutiwa na mji wa kale, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ndio wanaowapa riziki manahodha, wapishi na mafundi, na kwamba mwenye kiwanja anayekatazwa kujenga hubebeshwa peke yake gharama ya mji mzima. Tena wana haki ya kuuliza kwa nini lawama zote ziwaendee, ilhali mjini visima vya nyumbani vimekaa jirani na vyoo vya shimo, na kinachoharibu maji huko ni kinyesi.

Hata hivyo, kuchota na kujenga havina uzito mmoja. Aliyechota kwa kamba na ndoo alichukua maji ya juu tu. Pampu kubwa inayovuta mahali pamoja huinua chumvi iliyo chini yake, hata pale ambapo kisiwa kwa jumla kina maji ya kutosha. Dawa yake inajulikana: visima vingi vifupi, vilivyotawanywa, vikivutwa polepole. Kisima kilichoingia chumvi kikipumzishwa huweza kurudi, ingawa kwa kukawia.

Jengo halipumzishwi. Watetezi wake hujibu kwamba maji ya paa yanaweza kuelekezwa ardhini, na ni kweli. Tatizo ni kwamba maji ya choo nayo hushuka papo hapo, na mchanga unaopitisha mvua kwa wepesi haukawii kupitisha uchafu. (Hata wanaotaka vilima vipandwe miti wapunguze ari kidogo, kwani mizizi nayo hunywa, na mchanga mtupu hupokea mvua vizuri zaidi.)

Watu hutaja Takwa, kule kisiwa jirani cha Manda, mji uliohamwa katika karne ya 17 kwa sababu, inasemekana, visima viliingia chumvi. Wengine hutaja uhasama na mji wa Pate, kwa hiyo si ushahidi wa kutegemea peke yake.

Kwa maoni yangu, katazo la kujenga vilimani libaki, na hoteli za pembeni zijenge majabia ya kuvuna mvua kabla ya kuruhusiwa pampu. Lakini wenye hati halali walipwe fidia, na sehemu yake itoke katika ankara za maji za wote tunaokunywa kutoka Shela, pamoja na mitaa ya mjini inayodhani kwamba jambo hili ni la matajiri wa ufukweni.