Isipungue Elfu Kumi

Dada yangu hana maneno mengi. Jumamosi moja, nyumbani Uyole, Mbeya, alinipa noti tano za elfu kumi: "Kaka, nenda sokoni Mwanjelwa na mpwa wako mkachukue mchele wa Kyela. Chenji isipungue elfu kumi, jioni nina kikoba."

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na Jumatatu yake alikuwa na mtihani wa hisabati. Mimi enzi zangu hesabu nilipata B, na mtu aliyewahi kupata B hasahau, wala hakubali wenzake wasahau. Nikamwambia abebe daftari.

Bajaji elfu mbili kwenda, elfu mbili kurudi. Mchele elfu tatu kilo. Nikaweka daftari juu ya gunia, nikaanza kuhubiri.

"Kilo tuziite k. Mama yako kasema isipungue. Watoto wengi wakisikia 'pungua' wanakimbilia alama ya ndogo kuliko. Wamekwisha! Isipungue ni elfu kumi au zaidi." Nikaandika kwa madaha:

50,000 − 4,000 − 3,000k ≥ 10,000

Mama muuzaji akawa anachungulia, nami nikazidi kupaza sauti. Nikahamisha, ikawa −3,000k ≥ −36,000. Nikagawanya pande zote kwa hasi elfu tatu, nikapiga mistari miwili chini ya jibu: k ≥ 12.

"Umeona? Angalau kilo kumi na mbili. Kutoka hapo kwenda juu ni hiari yetu."

Hilo "angalau" mama muuzaji alilidaka kabla ya mwanafunzi wangu. "Basi baba, nikuwekee kumi na tano kabisa." Mizani ikalia, mfuko ukafungwa, na mimi, kwa ile raha ya ualimu, nikahesabu elfu arobaini na tano nikampa.

"Ndaga fijo, baba," akashukuru kwa Kinyakyusa.

Mpwa wangu alikuwa bado kainamia daftari, anapangusa punje za mchele. "Mjomba, nimeweka kumi na tano kwenye k. Inabaki elfu moja."

"Rudia."

Akarudia. Elfu moja.

"Mwalimu alisema ukigawanya kwa namba hasi, alama inageuka. Si ilitakiwa k isizidi kumi na mbili?"

Niliutazama mlima Loleza kwa muda mrefu kidogo. Kisha nikambembeleza mama apokee kilo tatu. Akacheka mpaka akashika kiuno. Mchele wake, akasema, ukishalipiwa haurudi guniani, labda kama na wenyewe ni hasi.

Nyumbani dada aliishika ile noti ya elfu moja kwa ncha za vidole.

"Nilisema isipungue."

"Haikupungua, dada. Imesahau kugeuka."

Hakucheka. Saa kumi na moja alitoka kwenda kikobani na kilo tatu za mchele kwenye kikapu, akawauzie wenzake. Mlangoni binti yake akamnong'oneza, lakini nilisikia: "Elfu tisa, mama, ujumlishe na ile moja ya mjomba."